Wanamfalme wa Uajemi: walikimbia, walikimbilia au walihamishwa?

Swali: Ninaandika makala kuhusu wajukuu watatu wa Fath-Ali Shah, mfalme wa Uajemi, waliofika London mwaka 1836, baada ya baba yao kuukosa ufalme. Niliandika: "Wana wa mfalme walihamishwa Uajemi, wakakimbilia uhamishoni Uingereza." Mhariri ameikata sentensi nzima. Kosa liko wapi?

Jibu: Kosa kubwa liko kwenye kitenzi. Anayehamishwa ana mhamishaji, mwenye amri ya kumwondoa na mara nyingi ya kumchagulia pa kukaa. Reza Qoli Mirza, Najaf Qoli Mirza na Timur Mirza hawakuhamishwa na yeyote. Babu yao alipofariki Oktoba 1834, mrithi aliyeteuliwa alikuwa mjukuu mwingine, Mohammad Mirza. Baba yao, Hossein Ali Mirza, gavana wa jimbo la Fars, hakuridhika. Akajitangaza mfalme huko Shiraz. Jeshi la Mohammad Mirza, sasa Mohammad Shah, likamshinda, akakamatwa, na wanawe hao wakatoroka. Basi andika "walikimbia Uajemi, wakakimbilia Uingereza". Unayoikimbia unaipa kisogo, unayoikimbilia unaielekea. Silabi moja tu, -li-, lakini ukiandika "walikimbilia Uajemi" umeigeuza safari yao yote. Baadaye waliishi Baghdad, katika dola ya Waosmani, na hapo kitenzi ni "walihamia".

Tofauti hii inaonekana vizuri kwa Khalid bin Barghash, mwanamfalme wa Zanzibar. Agosti 1896 alikalia kiti bila ridhaa ya Waingereza, kasri likapigwa mizinga, naye akakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, kisha akapelekwa Dar es Salaam kwa ulinzi wa Wajerumani. Huyo ni mkimbizi aliyepewa hifadhi. Mwaka 1916 Waingereza walimkamata, wakampeleka Saint Helena na Shelisheli. Sasa amehamishwa. Mtu ni yuleyule na mgogoro wa kiti ni uleule, ila vitenzi haviwezi kubadilishana nafasi.

"Kukimbilia uhamishoni" kumeenea mno magazetini, na siwezi kukuita mkosaji kwa kuutumia msemo huo. Mimi siupendi. Uhamisho unatokana na kuhamishwa, na mtumishi wa serikali akilisikia neno hilo huwaza barua ya kwenda kituo kingine. "Waliomba hifadhi" inatosha, tena inasema walichokifanya.

Kuhusu "wana wa mfalme": maneno yakitengana, msomaji atamtafuta mfalme aliyewazaa, na baba yao alikuwa mdai tu. "Wanamfalme", neno moja, ni hadhi ya ukoo, na wajukuu wanaingia humo bila shida. Kiajemi nacho kinaitaja hadhi hiyo kwa "Mirza" inayofuata jina. Ikitangulia jina, humtaja karani au msomi. Kwa hiyo mwache Timur Mirza awe Timur Mirza; ukiandika "Mirza Timur" umemvua uanamfalme wake.