Handbreki ya Defender imelegea: usianze na kebo

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Land Rover Defender 110 ya injini ya 300Tdi, nabeba mboga kutoka Lushoto kushuka Mombo. Handbreki navuta mpaka mwisho, nahesabu meno tisa au kumi, na bado nikisimama mlimani gari linatambaa. Fundi wa hapa amekaza kebo mara mbili. Inakaa wiki, inalegea tena. Halafu hata siku inaposhika, gari linajongea kidogo kwanza ndipo linagota. Ninunue kebo mpya?

JIBU: Marahaba. Hela ya kebo iweke mfukoni kwanza. Kebo hairefuki kwa wiki moja. Kinachoisha au kinachoteleza ni shuu, zile pedi zilizopinda zinazobana dramu kwa ndani, na kila anayekukazia kebo anauficha ugonjwa tu.

Handbreki ya Defender kama yako haiko kwenye magurudumu kama ya gari dogo. Ingia uvunguni, tazama nyuma ya transfa (boksi la pili la gia, linalogawa nguvu mbele na nyuma), pale propela ya nyuma, ile shafti ndefu inayokwenda kwenye difu, inapoanzia. Kuna dramu moja ya inchi 10, na handbreki yote ni hiyo. Inaizuia propela, propela inaizuia difu, difu ndiyo inayozuia matairi. Kwa hiyo uchezaji wote wa krosi (viungo vya propela), meno ya difu na hafushafti (shafti za kutoka difu hadi matairi) lazima uishe kabla gari halijagota. Kule kujongea kidogo ni tabia yake, usikuogope. Kukizidi, ishike propela kwa mikono miwili uizungushe huku na huku. Krosi ikiwa imekwisha utasikia inagonga.

Kabla ya kulala chini, gari liwe tambarare na matairi yawekewe magogo mbele na nyuma. Hapa sitanii. Ukiinua tairi moja la nyuma kwa jeki, handbreki hii hata ikiwa mpya haikusaidii, kwa sababu lile tairi la hewani linazunguka kinyumenyume, na mwenzake wa chini anaondoka. Ingiza difu loku kwanza (inafunga propela ya mbele na ya nyuma pamoja), uone taa yake imewaka kwenye dashibodi, ndipo upige jeki.

Sasa kazi yenyewe. Shusha handbreki, kisha legeza kebo mpaka isivute kitu kabisa. Mafundi wengi wanairuka hatua hii. Kwenye bamba linalobeba shuu kuna boliti ya kurekebishia. Isugue kwa brashi ya waya, ipulizie mafuta ya kulegeza kutu, iache inywe. Kaza kwa kufuata saa mpaka shuu zibane dramu sawasawa. Ukiwa na spana ya kupima mkazo ni Nm 25. Kisha rudisha mzunguko mmoja na nusu ili shuu ziachie. Sasa ndiyo zamu ya kebo: ikaze mpaka handbreki ishike kabisa ukifika jino la tatu. Mkono ukishushwa, shuu ziwe huru. Ukianza na kebo, shuu zinabaki zinakwaruza dramu njia nzima, zinachemka, zinaisha. Nahisi hiyo wiki yako moja imetokea hapo.

Ukirekebisha hivyo na bado likateleza, fungua dramu. Toa nati nne za propela (spana ya 9/16, wala usilazimishe ya milimita), ifunge propela pembeni kwa waya isining'inie, toa skurubu za dramu, ivute. Mara nyingi hapo ndipo ukweli unapoonekana: shuu nyeusi, zinang'aa, ukipitisha kidole kinarudi na oili. Dramu moja iliwahi kunimwagia oili mpaka ndani ya mkono wa shati, na mwenye gari alikuwa ameshabadilisha kebo mbili.

Oili hiyo ni ya transfa, inapitia kwenye sili ya nyuma, ile ringi ya mpira inayozuia oili. Badilisha sili, lakini kagua na flenchi (kile chuma kinachofungiwa propela) inayokaa ndani yake. Ukipitisha ukucha ukakuta mfereji, sili mpya itavuja vilevile. Oili hupenya pia katikati, kwenye meno ya shafti chini ya nati kubwa, kwa hiyo ile ringi ya washa ya pale nayo ibadilishwe. Na tafuta kile kipaipu cha kupumulia cha transfa. Kwa matope ya kwenu, kikiziba, transfa ikipata joto oili inasukumwa nje kupitia sili. Watu wanabadilisha sili tatu kwa mwaka, kumbe kipaipu kimejaa udongo.

Shuu zilizolowa usizichome kwa petroli. Najua gereji nyingi wanafanya hivyo. Uso unakauka, lakini oili iliyo ndani inarudi mara dramu ikipata joto. Nunua mpya. Vumbi la ndani nalo usilipulize kwa kompresa, maana shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Lifute kwa kitambaa chenye maji. Ukute matope tu bila oili, osha, piga msasa kidogo, rudishia.

Kebo utaibadilisha ikiwa nyuzi zimeanza kukatika, au ukiichomoa haitelezi ndani ya ganda lake.

Kujaribu, panda mwinuko wako wa kila siku, kanyaga breki ya mguu mpaka gari lisimame kabisa, vuta handbreki, kisha achia mguu polepole. Usiivute gari likiwa linatembea ili kuona kama inashika, labda breki za mguu ziwe zimekufa. Kishindo chote kinakwenda kwenye propela, difu na hafushafti, na bei ya hafushafti utaiulizia mwenyewe Mombo.