Muulize Mwalimu: Vile vigamba vya kwenye nguzo za gati

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Desemba tulishuka Tanga kumsalimia mama mkwe. Watoto wakaenda kucheza chini ya gati la zamani, maji yamekupwa. Wa pili akateleza, akaidaka nguzo, na kiganja kikachanika kama kimepita kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Nguzo yote ilijaa vitu vyeupe, vigumu, kama vilima vidogo vyenye tundu juu. Baba yao anasema ni chumvi iliyoganda. Shemeji anasema ni konokono waliokufa. Kipande ninacho kabatini. Ni kitu gani hiki?
Mama wa watatu, Kiboriloni, Moshi

JIBU: Marahaba mama, na pole kwa mtoto. Kwanza kiganja. Mbonyeze pale palipochanika. Kama kuna kigumu ndani kinachouma, mpeleke zahanati, maana vipande vyake hubaki chini ya ngozi na kuleta usaha. Uliza pia kama sindano yake ya pepopunda bado inafaa.

Sasa kabati. Ulichonacho ni nyumba ya mnyama. Sisi wa bara hatuna jina lake la kila siku, kwa hiyo nitamwita kigamba. Shemeji asione aibu, kwa sababu hata wataalamu wa Ulaya walimhesabu ndugu wa konokono na chaza hadi 1830. Mwaka huo John Vaughan Thompson, daktari wa jeshi aliyekuwa Cork huko Ireland, alieleza jinsi alivyofuatilia vitoto vyake vinavyoogelea baharini, akaona vina miguu yenye viungo. Ndugu zake ni kamba na kaa. Baadaye Charles Darwin, yule Mwingereza wa nadharia ya mageuko, alikaa na wanyama hawa miaka 8, kuanzia 1846 hadi 1854, na mimi namheshimu kwa kazi ile kuliko kwa jambo lingine lolote alilofanya.

Kitoto cha kigamba huelea na kujivua ngozi mara kadhaa. Kikifika hatua ya mwisho hakili tena. Kazi yake ni moja tu, kutafuta mahali. Hutembea juu ya jiwe au nguzo kwa papasi zake, kinaonja, kinaondoka, kinarudi. Kikikuta harufu ya wakubwa wa aina yake, hapo ndipo kinapopapenda, ndiyo maana ulivikuta vimebanana. Kisha kinatoa gundi, kinajibandika kichwa, kinajijengea ukuta wa chokaa. Hakihami tena hadi kufa. Kichwa chini, miguu juu, na miguu hiyo ndiyo inayovua chakula.

Nilifundisha baiolojia hapa Moshi miaka mingi. Safari moja niliwapeleka kidato cha tatu Tanga kwa basi. Jioni tuliweka jiwe lenye vigamba kwenye beseni la maji ya bahari, juu ya meza ya nyumba ya wageni, nikawaomba wasiitikise. Dakika zikapita. Halafu vilango vikafunguka kimoja kimoja, na kila tundu likatoa kitu kama unyoya, kikachota maji, kikarudi ndani, kikatoka tena. Binti mmoja aliyekuwa hapendi somo langu akaninong'oneza, "Mwalimu, kumbe kiko hai." Hakubanduka pale mpaka taa zilipozimwa.

Maji yakikupwa, kigamba hufunga vilango na kubaki na unyevu wake ndani, kinangoja. Pwani yetu, siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mchanga, maji hupanda na kushuka karibu mita 4, kwa hiyo kinachokaa juu kwenye nguzo hungoja muda mrefu juani. Ukishuka chini kidogo utakuta chaza, na chini zaidi sifongo na wengine laini wasiostahimili jua.

Je, wanakula gati? Hapana. Wanachosumbua zaidi ni vyombo, maana tumbo la meli likikwaruza maji, meli hula mafuta mengi. Anayekula mbao ni mwingine, ndugu wa chaza mwenye mwili mrefu kama mnyoo, anayetoboa kwa gamba lake dogo la mbele. Mwaka 1731 Waholanzi waligundua kwamba ametafuna miti iliyoshikilia kuta zao za kuzuia bahari. Mafundi wa majahazi wanamjua vizuri. Hupandisha chombo mchangani, wakapitisha moto wa makuti chini yake, wakapaka deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa.

Kitazame kipande chako kwa mwanga. Kama tundu ni tupu, mwenyewe alishakufa.

SWALI: Mwalimu, mbona mitumbwi ya Ziwa Duluti haina vitu hivi?
Kijana wa Tengeru, Arusha

JIBU: Duluti ni maji baridi, na kigamba huhitaji chumvi. Ukitaka kumwona bila kuacha maji ya kwenu, fuata Kikuletwa, mto unaokusanya maji ya Meru na Kilimanjaro. Unaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, unatoka ukiitwa Pangani, unafika mjini Pangani unakokutana na bahari. Nenda maji yakiwa yamekupwa, na uvae viatu.