Kijana akichoka na dende wake

Wazazi wengi wa hapa Bukavu wananijia na malalamiko yaleyale. Mtoto aliyekuwa hali chakula kabla dende wake (wale wanyama wadogo wa kufugwa, simbilisi au cobaye) hawajala, akifika miaka 13 au 14 anawaacha: majani hakati, kibanda hafagii, ukimtuma ananuna. Nimelea watoto wangu Kadutu pamoja na dende na sungura, na wote walipitia kipindi hicho. Kabla ya kumgombeza, chunguza amechoka na nini hasa.

Mara nyingi mnyama hajamchosha. Kinachomchosha ni kutumwa kila siku kumhudumia mnyama ambaye yeye kijana hana usemi juu yake. Wa miaka minane ukimwambia "hawa ni wako" anaridhika. Wa miaka 14 anangoja aone. Jirani yangu alimpa kijana wake majike wawili, wakazaana mpaka kibanda kikajaa. Septemba ilipofika minervali (karo ya masomo) ya mdogo wake ikakosekana, baba akawabeba karibu wote mpaka soko la Kadutu akawauza. Franga zilienda mahali pazuri, sina la kusema hapo. Lakini kijana alirudi kutoka masomo akakuta kibanda kimebaki wazi, na hakuna mtu aliyemwambia neno. Tangu siku hiyo hakugusa majani tena.

Namwelewa yule baba. Katika Kivu ya Kusini dende wameokoa nyumba nyingi, hasa miaka ya vita, ng'ombe walipoporwa na mtu akaweza kukimbia na dende wake ndani ya kikapu. Ndiyo maana tunawaona ni mali ya nyumba nzima. Basi semeni hivyo tangu mwanzo, au mgawane: jike huyu na uzao wake ni wa kijana, wengine ni wa nyumba. Wa kijana wasiuzwe bila yeye kukubali, hata shida ikibana. Muombe. Binti yangu aliombwa, akachagua mwenyewe wa kuuza, akaenda na mama yake mdogo sokoni kupatana bei, na alirudi akijua thamani ya kazi yake.

Jambo la pili, kazi ikue pamoja na mtoto. Mdogo alishe, kijana aachiwe kuzalisha, maana hapo kuna akili ya kutumia. Dende anabeba mimba siku 68 hivi, na watoto wanazaliwa wana manyoya, meno na macho wazi. Madume yatengwe na mama yakitimiza wiki tatu, la sivyo yatawapanda dada zao na hata mama. Jike asichelewe kuzaa mara ya kwanza: akipita miezi saba hivi, mifupa ya nyonga inakuwa imekaza, na anaweza kufa akizaa. Kijana aandike daftari la nani amezaa na dume gani, kwa sababu damu ileile ikirudiwarudiwa watoto wanadhoofika. Itabidi abadilishane madume na wenzake. Wanangu walipoanza kubadilishana na marafiki wa Bagira, habari za kibanda zikawa mazungumzo yao wenyewe, sikuhitaji kuwasukuma.

Halafu kuna aibu, nasi wazazi tunaidharau. Kijana wa miaka 15 kupita mtaa wa Essence na fungu la majani kichwani, wenzake wa darasa wakimtazama, ni mzigo kweli. Pandeni matete kwenye kingo za kiwanja. Kwenye milima yetu hii yanazuia udongo kuporomoka, na majani anayakatia palepale nyumbani. Ongezeni matembele. Majani yenye maji ya mvua yaanikwe kidogo kwanza.

Wakati wa Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, mwachieni asome. Ila mkubaliane mapema nani atashika zamu, maana dende, sawa na binadamu, mwili wake hautengenezi vitamini C. Akikosa majani mabichi wiki mbili tatu, anaanza kuumwa viungo na fizi, manyoya yanasimama, anajikunyata pembeni.

Na wako watakaoacha moja kwa moja. Msiwafunge. Wangu wa mwisho moyo wake uko kwenye mpira na mambo ya umeme, na sioni kosa. Nilichomdai ni kwamba asiwaache wanyama wakonde kimyakimya: aseme, kisha atafute mwenyewe wa kuwapokea. Wasigawiwe mmojammoja, kwa sababu dende akiishi peke yake anateseka. Majike wawili waliozoeana waende pamoja. Jike mwenye mimba kubwa asihamishwe mpaka azae na watoto waache kunyonya. Daftari nalo liende pamoja nao, ili mwenye kupokea ajue ni dume gani asimpandishe.