Kabla ya Kumpokea Mwanafunzi wa Kigeni Mradini

Nina miaka saba katika mradi wa kilimo wilayani Dedza, nchini Malawi, na karibu kila Juni tumepokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kutoka vyuo vya Ulaya na Marekani. Kwa muda mrefu niliwalalamikia. Hufika na nguo nyepesi, ilhali Dedza iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na baridi ya Juni hupenya hadi mifupani; kisha kila mmoja huhitaji gari, mkalimani na mtu wa kufuatana naye, na hivyo vyote huondolewa katika muda wa mkulima.

Aliyenichosha zaidi alikuja kuchunguza njaa, akiwa na wiki sita za Julai na Agosti. Alipita nyumba kwa nyumba na dodoso lake, akazikuta nkhokwe, yaani maghala ya mahindi, zimejaa na watu wakila nsima, yaani ugali, bila shida, akaandika kwamba habari za njaa zimetiwa chumvi. Mvua za Malawi hunyesha takriban Novemba hadi Aprili, mavuno huanza mvua zinapoelekea kwisha, na miezi migumu ni ile ya kuanzia Januari hadi Machi, wakati mwanafunzi huyo yuko darasani kwao. Nilikasirika sana, hadi nilipokumbuka kwamba barua yake ya maombi niliisoma mimi, tarehe zikiwa wazi, nikatia saini.

Kwa hiyo, wewe unayesimamia mradi ugenini, linganisha kwanza likizo ya mwanafunzi na msimu wa kazi yako, na zisipopatana, kataa au badilisha kazi. Mwandikie jukumu moja dogo kabla hajakata tiketi, na umwulize chuo chake kimepata kibali gani cha utafiti. Akifika, apelekwe kwa mkuu wa kijiji kabla ya kuhoji mtu yeyote, kisha wiki mbili za mwanzo amfuate afisa ugani bila dodoso, akijifunza kusalimia kwa Kichewa. (Nasi Waswahili tusijione wajuzi: kwa kuwa kwa Kichewa nyumba ni nyumba na maji ni madzi, mimi mwenyewe nilikaa miezi kadhaa nikidhani naelewa mikutano ambayo sikuielewa.)

Mwanafunzi wa mwaka jana nilimpa kazi ya kupima tu kina cha mahindi katika nkhokwe za kijiji kimoja, na kumwachia afisa ugani fomu za kuendelea kujaza kila mwezi. Februari nilimtumia vipimo vipya. Nkhokwe nyingi zilikuwa tupu. Alijibu siku hiyohiyo, akiuliza kama angeweza kurudi wakati wa mvua, hata kama itamlazimu kuahirisha muhula.