Maswali na Majibu: CD, Pedi na Magemu Yanayongojwa

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu PlayStation, na mengi yameulizwa na watu ambao bado wana PS4 lakini wameshaanza kupiga hesabu ya kuhamia PS5. Nimeyafupisha bila kuyapotosha, na nimeyapanga kwa jinsi yanavyoshikana.

Nina banda la gemu Nyakato lenye PS4 tatu. Nataka kuongeza PS5 moja. Kijana wangu wa kazi ananishauri ninunue magemu yanayopatikana PlayStation peke yake, kama Ghost of Yōtei na lile la Wolverine linalongojwa, ili nivute wateja wa mabanda mengine. Ana haki? (Mwenye banda, Nyakato)

Kijana wako anazungumza kama mchezaji, na wewe unapaswa kufikiri kama mwenye banda. Ghost of Yōtei, lililotoka tarehe 2 Oktoba 2025, ni gemu zuri sana, lakini ni hadithi ya mtu mmoja, mwanamke aitwaye Atsu anayelipiza kisasi kaskazini mwa Japani mwaka 1603, na kuimaliza kunahitaji saa nyingi za mchezaji mmoja aliyetulia peke yake. Mteja anayelipia kwa mechi hawezi kuifuata hadithi ya namna hiyo, na akirudi kesho atakuta mwenzake ameshaendelea mbele kwenye nafasi ileile aliyoihifadhi, halafu ugomvi utakuwa wako wa kuamua. Marvel's Wolverine, ambalo linatengenezwa na kampuni ya Insomniac na limetajwa kutoka mwaka 2026, litakuwa la mkondo huohuo wa hadithi. Sony imejijengea jina kwa magemu ya hadithi, na hayo ni magemu ya sebuleni.

Kinachouza kwenye banda ni ubishi, yaani wawili kwenye benchi, wanne nyuma yao wanangoja zamu, na mmoja mlangoni ambaye hana hata mia lakini ndiye mwenye kelele kuliko wote. Kwa ajili ya hao, tafuta magemu ya kupigana ya watu wawili: Tekken 8, lililotoka Januari 2024, na Mortal Kombat 1 la Septemba 2023. Hayo si magemu ya PlayStation peke yake, kwa kuwa yapo pia kwenye Xbox, mashine ya Microsoft inayoshindana na PlayStation, na kwenye kompyuta, ila hayachezeki kwenye PS4. Jirani yako mwenye PS4 hawezi kuwa nayo hata akitaka, na upekee wa aina hiyo ndio unaokuhusu wewe.

Jambo moja zaidi kabla hujafunga bajeti. Pedi zako za PS4 zitaunganika na PS5, lakini zitakubali kucheza magemu ya PS4 tu. Gemu la PS5 linadai pedi ya PS5, kwa hiyo hesabu mashine pamoja na pedi mbili mpya. Kama fedha zitaishia kwenye mashine na pedi iliyokuja nayo, weka kwa muda CD ya gemu la mpira wa miguu la PS4 ndani ya PS5 hiyo, na pedi za zamani zitaendelea kufanya kazi.

GTA VI itatoka kwa PS4? Kuna mtu Igoma anasema anayo tayari. (Msomaji, Igoma)

Hapana. Rockstar, kampuni inayolitengeneza, imetaja PS5 na Xbox Series X na S tu, na tarehe iliyotangazwa ni 19 Novemba 2026, baada ya kusogezwa kwanza kutoka 2025 hadi 26 Mei 2026, kisha kusogezwa tena. Huyo wa Igoma ana karatasi nzuri ya jalada.

Mjukuu wangu ana PS4 na CD ya Horizon Forbidden West aliyoletewa na baba yake kutoka Uingereza. Anataka nyongeza yake iitwayo Burning Shores. Muuza kadi amenishauri ninunue kadi ya dola. Ninunue? (Bibi, Nyegezi)

Shikamoo bibi. Naomba usinunue kwanza, maana hapo kuna vikwazo vitatu na muuza kadi hakukueleza hata kimoja.

Cha kwanza ni mashine yenyewe. Horizon Forbidden West lilitoka Februari 2022 kwa PS4 na PS5 kwa pamoja, lakini nyongeza ya Burning Shores, iliyofuata tarehe 19 Aprili 2023, ilitengenezwa kwa PS5 tu. Kwenye PS4 ya mjukuu wako haitafunguka hata ukiilipia mara mbili. Cha pili ni kwamba nyongeza hiyo inaanzia pale hadithi kuu inapoishia, kwa hiyo hata mwenye PS5 asiyemaliza hadithi kuu hataingia. Muulize kwanza amefika wapi. Yawezekana swali hilo peke yake likakupa miezi miwili ya amani.

Cha tatu ndicho kinachowaliza wengi hapa kwetu. Nyongeza ni mfuniko, na mfuniko lazima uwe wa sufuria yake. CD iliyonunuliwa Uingereza ni toleo la Ulaya (utaona kwenye jalada namba ya umri, kama 16 au 18, yenye maandishi PEGI), na nyongeza yake hununuliwa kwa akaunti ya upande huohuo. Kadi ya dola, yaani kadi ya kujaza fedha kwenye akaunti ya duka la PlayStation, ni ya akaunti ya Marekani. Ukiijaza kwenye akaunti ya Uingereza itakataliwa, na ukiijaza kwenye akaunti ya Marekani utapata nyongeza isiyoitambua CD yenu. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi zenye duka rasmi la PlayStation mtandaoni, ndiyo maana wachezaji wengi wa Mwanza wana akaunti zilizoandikishwa Uingereza, Marekani au Afrika Kusini. Masharti ya Sony yanamtaka mtu ataje nchi anayoishi kweli, kwa hiyo anayefanya hivyo anajua anabeba dhamana mwenyewe. Kabla ya kununua kadi yoyote, mwambie mjukuu akuonyeshe nchi iliyoandikwa kwenye akaunti yake.

Ukitaka kumfurahisha bila kadi, na kama ana God of War Ragnarök, mwambie apakue nyongeza yake iitwayo Valhalla. Ilitolewa bure Desemba 2023, inacheza kwenye PS4 pia, na gharama yake ni bando tu.

Nimepata PS5 ya Digital, isiyo na sehemu ya CD, kwa bei nzuri. Muuzaji anasema kisoma CD kinauzwa peke yake na kinapachikwa tu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe kuja Mwanza si kazi, kwa hiyo naweza kukifuata. Nikinunue? (Msomaji, Sengerema)

Daraja lisikuharakishe. Jibu linategemea Digital yako ni ipi, maana ziko mbili na zinachanganywa sana sokoni.

Ile ya kwanza, ya mwaka 2020, haipachikwi kitu. Ilizaliwa bila CD na itabaki hivyo. Iliyofuata, ile nyembamba iliyotoka Novemba 2023, ndiyo inayokubali kisoma CD cha kupachika, na kisoma hichohicho kinaingia kwenye PS5 Pro ya Novemba 2024, ambayo nayo huuzwa bila CD. Kuzitofautisha hakuhitaji fundi. Isimamishe mezani uitazame ubavuni: ya zamani ina ubao mmoja mweupe mzima kila upande, na nyembamba ina mbao mbili kila upande zilizotenganishwa na mstari. Ukitaka uhakika zaidi, soma namba ya modeli, kwa kuwa ya zamani huanza na CFI-1 na nyembamba huanza na CFI-2.

Kama yako ni nyembamba, basi ndiyo, kinunue, na ukinunue kabla ya kitu kingine chochote, kabla ya pedi ya pili, kabla ya spika za masikioni na kabla ya kile kisimamio chenye taa za rangi ambacho kazi yake ni kupendeza tu. Kilipotoka kilikuwa dola 79.99 Marekani, hivyo kwa bei ya huku si kitu cha mchezo, lakini tazama kinakupa nini. Gemu ulilolipakua linakaa kwenye akaunti yako hadi mwisho, hata ukilichoka. CD inatembea. Mwaka jana niliuza CD moja kwa kijana wa Mabatini, yeye akaibadilisha na mwenzake wa Buzuruga, na miezi kadhaa baadaye niliiona mikononi mwa mtu nisiyemfahamu kabisa, nikaitambua kwa mchubuko wa jalada nilioufanya mwenyewe kwa kisu cha jikoni. Gemu moja lilikuwa limechezwa na nyumba nne, na kila mmoja alirudisha sehemu ya fedha yake. Duka la mtandaoni halina njia hiyo.

Uyajue mambo mawili kabla hujavuka daraja. Siku ya kukipachika, PS5 itadai intaneti ili ikiandikishe kisoma hicho, na bila intaneti CD haitasoma, kwa hiyo uwe na bando siku hiyo. Vilevile CD haikuokolei nafasi, kwani gemu la PS5 linajisakinisha lote ndani ya mashine, na CD hubaki kama ufunguo wa kulifungulia. Nafasi ikijaa, unaweza kuyahamishia magemu ya PS5 kwenye diski ya nje ya kuhifadhia (hard disk), ila huwezi kuyachezea hapo. Magemu ya PS4 ndiyo yanayochezeka moja kwa moja kutoka kwenye diski hiyo ya nje.

Pedi yangu ya PS5 mchezaji anatembea mwenyewe bila mimi kugusa. Fundi anataka abadilishe analogi. Nimkubalie au ninunue pedi mpya? (Msomaji, Kirumba)

Nilifungua ya kwangu iliyokuwa na ugonjwa huo, nikakuta ndani ya kijumba cha analogi, kile kijiti cha kumwongozea mchezaji kwa kidole gumba, vumbi jeusi laini kama masizi ya koroboi. Vumbi hilo si la barabarani. Chini ya analogi kuna utepe mwembamba wa kaboni na kidole cha chuma kinachoteleza juu yake, na mashine inajua umesukuma upande gani kwa kupima umeme unaopita hapo. Kadiri kidole kinavyosugua, kaboni inalika, vipimo vinayumba, na mchezaji wako anaanza kujiendea. Kusafisha kwa spiriti husaidia kwa wiki chache na si zaidi.

Kwa hiyo mkubalie fundi, kwa masharti mawili. Awe mtu mwenye mkono mzuri wa kuchomea, kwa sababu analogi moja ina pini zaidi ya kumi na bodi huungua upesi. Na kama anaweza kukupatia analogi za sumaku, ambazo wenyewe huziita hall effect, ongeza fedha uzichukue, kwani hazina utepe wa kusuguliwa. Ipo pedi ya Sony yenyewe, DualSense Edge, ambayo analogi zake huchomolewa na kupachikwa bila kuchomea, lakini ilitoka Januari 2023 kwa dola 199.99, na kwa mchezaji wa kawaida naiona ni ghali kuliko tatizo lenyewe.

Ukiamua kununua mpya, jihadhari na feki. Mimi nilishauziwa moja katika duka la mjini ambalo jina lake naliweka kapuni, ikiwa na boksi safi na nailoni yake. Siku ya tatu ikaacha kutetemeka. Baadaye ndipo nilipojifunza kuitazama kwa karibu: ule mkwaruzo mdogo upande wa nyuma wa pedi halisi, pale vidole vinaposhikia, ukiumulika kwa tochi ya simu utaona si vitone, ni alama ndogondogo za pembetatu, duara, msalaba na mraba zilizobanana. Yangu ilikuwa na vitone.

PlayStation Portal itanifaa Nansio? (Msomaji, Ukerewe)

Sidhani. Portal, kifaa cha Sony cha kushika mkononi chenye kioo, haichezi gemu yenyewe, inaonyesha picha inayorushwa kwa intaneti, kwa kawaida kutoka PS5 iliyowashwa nyumbani (tangu Novemba 2025 wanaolipia PlayStation Plus Premium wanaweza pia kupokea baadhi ya magemu kutoka mitambo ya Sony), na Sony inataja kasi ya megabiti 5 kwa sekunde kuwa ya chini kabisa na 15 kuwa ya kuridhisha. Umeme ukikatika, PS5 inazimika na router nayo, na Portal yenye chaji kamili inabaki kioo.

Nina kompyuta nzuri na sitaki kununua PS5. Nikingoja, magemu ya PlayStation peke yake yatanifikia? (Msomaji, Musoma)

Baadhi yamefika, kwa mwendo wa jahazi. God of War la 2018 lilifika kwenye kompyuta Januari 2022, na Ghost of Tsushima la Julai 2020 lilifika Mei 2024. Magemu ya kucheza na wengine mtandaoni huharakishwa zaidi: Helldivers 2 lilitoka kwa PS5 na kompyuta siku moja, Februari 2024, na Agosti 2025 likafika hata Xbox. Upande wa pili nao umelegea, kwani Forza Horizon 5, lililokuwa fahari ya Xbox, liko PS5 tangu Aprili 2025, na Halo: Campaign Evolved limetangazwa kwa PS5. Kama unapenda hadithi na una subira ya miaka, ngoja. Ila usipange kwa kutegemea kwamba kila gemu litakuja, kwa sababu hakuna aliyekuahidi hivyo.

Ndugu yangu wa Japani amepata PS5 mpya ya bei ya chini sana huko, anataka kuniletea. Umeme wa Tanzania hautaiunguza? (Msomaji, Mkolani)

Umeme si tatizo, kwani PS5 inakubali volti 100 hadi 240, hivyo utabadilisha waya wa kuchomeka tu. Tatizo liko kwenye hiyo bei. Tangu Novemba 2025 Sony inauza Japani PS5 ya Digital ya yeni 55,000, nafuu kuliko nyingine, ambayo imefungwa lugha ya Kijapani na inakubali akaunti zilizoandikishwa Japani tu. Mwambie ndugu yako asome boksi kabla ya kulipa. Kama ni hiyo, aiache dukani hata kama utamlipia nauli ya mzigo.