Bodi za akustiki na baa ya jirani

SWALI: Fundi, shikamoo. Nimejenga Ilomba, hapa Mbeya. Nyuma ya chumba changu cha kulala pamefunguliwa baa, muziki unapigwa mpaka usiku wa manane. Ukuta ni wa tofali za kuchoma, umepigwa lipu kwa ndani tu. Fundi mmoja anataka kunipigia bodi za akustiki ukuta mzima, zile za fito za mbao juu ya kitambaa kizito cheusi, anasema sauti itakatika kabisa. Jirani ananishauri sponji na trei za mayai. Nichukue lipi?

JIBU: Marahaba. Usichukue lolote kati ya hayo, na huyo fundi usimpe hata advansi.

Swali hili napata kila mara, na kinachoniudhi ni kwamba wauzaji wengi wanajua wanachofanya. Bodi hizo zina kazi yake, nayo ni kupunguza mwangwi wa sauti iliyozaliwa ndani ya chumba hichohicho. Sebule yenye marumaru na kuta tupu inavuma; ukipiga bodi, maneno ya televisheni yanasikika vizuri. Muuzaji anakuonyesha hilo dukani, unapiga makofi, unaridhika, unalipa. Lakini kelele yako inatoka upande wa pili wa ukuta.

Kinachozuia sauti isipenye ukuta ni uzito, pamoja na kutokuwepo kwa upenyo. Ukuta wako una kama kilo 200 kwa kila mita ya mraba. Sponji ya sentimita 5 ina kilo moja na kitu. Hata ukuta wenyewe ukiuongezea uzito mara mbili, sauti inayopenya inapungua desibeli 5 au 6 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na sikio linataka kama 10 ndipo likubali kwamba kelele imepungua nusu. Sasa hiyo kilo moja inaongeza nini? Kwa besi ndiyo kabisa: mdundo wa mitetemo 50 kwa sekunde una wimbi la karibu mita 7, nawe unauwekea bodi ya sentimita 2. Trei za mayai sizijadili. Ni karatasi.

Kabla ya kugusa ukuta, tafuta sauti inapopita. Nyumba zetu nyingi zina matundu ya hewa juu ya madirisha, mlango unaelea juu ya sakafu, na ukuta umeishia usawa wa dari, huko juu kwenye kenchi ni uwazi mtupu hadi kwenye bati. Ukuta ukiwa na uwazi wa sehemu 1 kwa 100, hauzuii zaidi ya desibeli 20 hata uwe wa zege. Kwa ukuta wa mita 4 kwa 2.5, uwazi huo ni tundu la sentimita 25 kwa 40 tu. Usiku zima taa, mtu amulike tochi kwa nje kuzunguka dirisha na mlango. Unapoona mwanga, ziba. Tofali za kuchoma nazo zikague upande wa nje, maana mafundi wengi huacha viungo bila udongo wa kutosha na hakuna lipu ya kuvificha. Dirisha la upande wa baa litiwe kioo kinene chenye mpira wa kubana, hewa uichukue upande mwingine. Darini weka tabaka la pili la jipsamu, na pamba ya mawe (rockwool) juu yake.

Hayo yakishindwa, ndipo ujenge ukuta wa pili: fremu ya mbao 2 kwa 3 (za paini za Sao Hill zinatosha, mradi zimekauka) isiyogusa ukuta wa zamani, pamba ya mawe katikati, jipsamu ya milimita 12 tabaka mbili, viungo visikutane, kingo zijazwe silikoni. Utapoteza kama sentimita 12 za chumba. Maongezi na kelele za watu zitapungua sana, besi kidogo. Anayekuahidi ukimya mtupu anakudanganya. Na usikubali jipsamu ipigiliwe juu ya vipande vyembamba vya mbao vilivyoshikana na ukuta: upenyo ule mtupu wa sentimita mbili tatu hutetemeka pamoja na mdundo, na besi inaweza kuzidi ya mwanzo.

Sponji ina ubaya mwingine mkubwa kuliko hasara ya pesa. Mwaka 2003 huko Rhode Island, Marekani, sponji ya kuzuia sauti iliyobandikwa ukutani mwa ukumbi wa muziki ilishika moto wa fataki, watu 100 wakafa. Mwaka 2013 huko Santa Maria, Brazil, ikawa ya darini, wakafa 242. Sponji ya godoro ikiwaka, moshi wake unaua kabla moto haujakufikia. Nimeiona imebandikwa kwenye studio za vyumba vya kupanga hapa mjini, waya za umeme zimepita nyuma yake.

Na ninyi wa Mbeya, Njombe na Mafinga mnaoingiza jiko la mkaa chumbani Juni na Julai: chumba kilichozibwa kelele kimezibwa hewa pia. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye makaa, haina harufu wala rangi. Ukishaziba matundu, jiko la mkaa lisivuke tena mlango huo, hata likionekana ni makaa tu yasiyotoa moshi.