Tumeshuka au tumeshushwa?

SWALI: Timu yetu imemaliza ligi ikiwa ya tatu kutoka mkiani, na msimu ujao tutacheza ligi ya chini. Siku ile ile nilisema "tumeshushwa daraja", rafiki yangu akanikatiza: "Hakuna aliyetushusha, tumeshuka wenyewe. Wanaoshushwa ni waliokutwa na hatia." Wa tatu akasema tunapoteza muda kwa kuwa maneno hayo ni mamoja, na kwamba neno hasa ni "tumeshukishwa". Ubishi uliokuwa wa refa na kocha sasa umegeuka wa sarufi. Tusaidie. Na je, nikisema refa ndiye aliyetushusha, nimemlaumu au nimemsingizia?

JIBU: Poleni kwanza.

Nianze na huyo wa tatu, maana ndiye mwepesi kummaliza. Vitenzi vingi vinavyoishia na -ka hugeuza hiyo -ka kuwa -sha pale anapoingia mtu au kitu cha kusababisha jambo. Moto unawaka, mtu anauwasha. Maji yanachemka, unayachemsha. Nguo inakauka, jua linaikausha. Mtoto anaamka, mama anamwamsha. Shuka imo humo humo: timu inashuka, kitu kinaishusha, nayo inashushwa. Simcheki aliyesema "shukishwa", kwa sababu si kila -ka hupita njia hiyo. Cheka yenyewe huzaa chekesha, na andika huzaa andikisha. Lakini kwa shuka njia ilishachongwa zamani, na neno ni shusha.

Wala hayo mawili si mamoja. Ukisema "timu imeshuka daraja", sentensi imetimia na hakuna anayekudai kitu. Ukisema "timu imeshushwa daraja", umeacha mlango wazi, na msikilizaji ana haki ya kuuliza: na nani? Kauli ya kutendwa inamficha mtenda, haimfuti. Ndiyo maana shabiki mwenye hasira huikimbilia. Inamruhusu kumnyooshea mtu kidole bila kumtaja jina.

Rafiki yako amepata nusu. Ipo maana ya kushushwa ambayo ni ya kuadhibiwa, na mfano wake ulio safi kabisa ni Juventus mwaka 2006. Ile timu ilimaliza msimu ikiwa juu ya msimamo wa ligi ya Italia. Kisha ikaja kesi ya viongozi wa klabu kuingilia upangaji wa waamuzi, ubingwa ukavuliwa, na timu ikapelekwa Serie B, ligi ya daraja la pili ya huko. Hapo ukisema "Juventus ilishuka" unapotosha, maana uwanjani hawakushuka, walipanda mpaka kileleni. Walishushwa, na ukiulizwa na nani, jibu lipo: na vyombo vya haki vya shirikisho la soka la nchi yao. Mwaka uliofuata waliongoza Serie B wakarudi, na hapo kitenzi ni panda. Hakuna aliyewapandisha ila miguu yao.

Alipokosea rafiki yako ni kudhani maana hiyo ya adhabu ndiyo pekee. Anayeshusha si lazima awe hakimu, na hata si lazima awe mtu. "Goli la dakika ya mwisho limetushusha daraja" ni Kiswahili kizuri. "Sare tatu za nyumbani ndizo zilizotushusha" nayo ni nzuri, na pengine ina ukweli zaidi. Kwa hiyo sentensi yako haina kosa. Ila umejitwika deni la kumtaja mshushaji.

Sasa uangalie viungo viwili vidogo ambavyo mashabiki huvichanganya wakiwa na jazba: *na* na *kwa*. Baada ya kutendwa, *na* humtambulisha aliyetenda, *kwa* huonyesha chombo au njia. Mtu hukatwa na mwenzake kwa kisu. Vivyo hivyo, "tulifungwa na wapinzani kwa penalti". Ukisema "tulifungwa na refa kwa penalti", umemtoa refa kwenye filimbi ukamvika jezi. Najua mnasema hivyo makusudi, ni utani wenye uchungu, na mimi mwenyewe nimewahi kuusema. Lakini ukishausema usishangae mtu akikudai ushahidi, maana kile kiungo kimoja kimebeba shtaka zima.

Kuna jozi moja ya mifano ninayoipenda kwa jambo hili, yote miwili kutoka Uingereza. Portsmouth ilikatwa pointi 9 katika msimu wa 2009/10 baada ya klabu kulemewa na madeni na kuwekwa chini ya wasimamizi. Ikamaliza ya mwisho katika ligi kuu ikiwa na pointi 19. Mrudishie zile 9, anakuwa na 28, na timu mbili zilizokuwa juu yake, ambazo nazo zilishuka, zilikuwa na 30 kila moja. Bado ni wa mwisho. Mwaka mmoja nyuma, Luton ilikatwa pointi 30 katika ligi ya ngazi ya nne, ikamaliza mkiani ikiwa na 26. Mrudishie 30 zake, ana 56, yuko salama, na hajui hata mlango wa kutokea uko wapi. Klabu zote mbili zilikatwa pointi na mamlaka zinazotambulika. Lakini kwa sikio langu Luton ilishushwa, Portsmouth ilishuka. Adhabu ilikuwepo kotekote, ila kwa Portsmouth haikuwa ndiyo sababu. Shusha ni kitenzi cha kusababisha, kinadai sababu ya kweli. Mkosaji aliyekuwepo karibu hatoshi.

Hapa ndipo swali lako la mwisho linapoingia. Kulaumu na kusingizia vimetengana kwa ukweli. Kulaumu ni kusema jambo fulani ni kosa la fulani. Unaweza ukawa sahihi, unaweza usiwe. Kusingizia ni kumbandika mtu au kitu jambo lisilo lake, mara nyingi ili wewe upone. Wahenga walishalisema wakiwa shambani: mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Hawakusema "hulaumu jua". Jua liliwaka kwa mibaazi yote, na mingine ilichanua. Kwa hiyo ukisema refa ndiye aliyewashusha, jipime kwa mbaazi: refa huyo huyo, au wenzake, walichezesha mechi za timu zilizobaki?

Isipokuwa maisha si mepesi kama mbaazi. Juni 2020, katika ligi kuu ya Uingereza, Sheffield United walipiga mpira wa adhabu dhidi ya Aston Villa, kipa akaudaka akaingia nao ndani ya goli, watu wote wakaona. Saa ya mwamuzi, ile inayotetema mpira ukivuka mstari, ikanyamaza. Waendeshaji wa mtambo wakaomba radhi na kueleza kwamba kamera zote saba zilizibwa na kipa, beki na nguzo. Mechi ikaisha bila bao. Ligi ilipokwisha, Villa walibaki kwa pointi 35 na Bournemouth wakashuka kwa 34. Ukiiondoa ile pointi moja ya Villa na kuacha mengine yote kama yalivyokuwa, wanaoshuka ni Villa, kwa tofauti ya mabao. Je, Bournemouth walishushwa na saa? Mtu akisema hivyo siwezi kumwambia anasingizia, kwa sababu jambo lilitokea kweli. Lakini pia siwezi kuipa saa moja mzigo wa mechi 38.

Kwa hali kama hiyo Kiswahili kina neno ambalo naona linasahaulika: kuponza. Kumponza mtu ni kumtia matatani, kwa makusudi au bila makusudi, kwa kosa kubwa au dogo. Mdomo huponza kichwa, na mdomo haukukusudia. Bournemouth waliponzwa na saa. Kipa aliyeteleza ametuponza. Ukitumia neno hili unasema "kupitia yeye tumeingia matatani" bila kumfanya adui. Likilinganishwa na kuhujumu, ambalo ndani yake kuna nia mbaya na mpango, ni mbali kama usiku na mchana, lakini nasikia watu wakiruka kutoka "kakosa penalti" hadi "katuhujumu" kwa pumzi moja. Siku hizi wengi husema "kosa lile limetugharimu". Sitaligombania, limeshazoeleka, ila ni neno la dukani lililoletwa uwanjani. Limetuponza ni la nyumbani.

Kwenye malalamiko ya haki, tenganisha pia kuonewa na kudhulumiwa. Kudhulumiwa ni kunyimwa kilicho chako: mpira umevuka mstari, goli halikuandikwa, mmedhulumiwa goli. Kuonewa ni kutendewa kwa upendeleo mbaya na mwenye nguvu: kadi kwenu, onyo kwa wenzenu, kwa kosa lile lile. Na kitenzi onea kina tabia ya ajabu. Kikifuatwa na nomino hubadilika rangi, "alituonea huruma", "alituonea wivu". Kikiachwa peke yake, "alituonea", kinakuwa dhuluma tupu. Mwandishi mmoja akisahau neno moja tu, refa mwema anaamka asubuhi akiwa jambazi.

Umeniambia pia, kwenye sehemu ya barua yako ambayo sikuinakili, kwamba wengi wenu mmeamua kumtupia lawama zote kocha aliyekuja katikati ya msimu. Kuna msemo wa hilo: kuangushiwa jumba bovu. Nyufa alizikuta, kuta hakujenga yeye, lakini ndiye aliyekuwa ndani lilipodondoka. Sijui kisa kinachoizidi River Plate, klabu kubwa ya Argentina, kwa kueleza msemo huu. Walishuka mwaka 2011 kwa mara ya kwanza katika historia yao, baada ya kushindwa na Belgrano kwa jumla ya mabao ya mechi mbili za mchujo. Kwa kanuni za Argentina wakati ule, kushuka kulipimwa kwa wastani wa pointi za misimu mitatu, na ndani ya hesabu hiyo kulikuwa na mashindano ya nusu ya pili ya 2008 ambayo River walimaliza wakiwa wa mwisho kabisa. Kocha wa siku ya machozi hakuwepo benchi wakati huo. Katika mfumo kama ule, "nani katushusha?" ni swali linalodai jibu la wingi: *wa*metushusha.

Na kwa kuwa tumefika kwenye viambishi, nikutajie kimoja cha kusikiliza mtakapokutana tena. Timu ikishinda, kila shabiki husema "*tu*meshinda". Ikifungwa, wengine huhamia "*wa*mefungwa", kana kwamba wao walikuwa wapita njia. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kote umeandika *tumeshushwa*, *tutacheza*. Rafiki yako naye, pamoja na ukali wake wote, alisema "*tu*meshuka wenyewe". Ni yule wa tatu ndiye sina hakika naye: mwulize kama msimu ujao ni *tutacheza* au *watacheza*.